Sura ya Saba: Gia Inayotaka Kusubiriwa

Gari la michezo la zamani linaweza kuwa na injini safi, bodi isiyo na kutu na breki zinazoshika, na bado likauzwa kwa hasara kwa sababu moja tu: mwenyewe amechoka kupigana na gia. Asubuhi namba mbili inagoma. Kwenye taa za barabarani namba moja inakataa kuingia, na magari ya nyuma yameanza kupiga honi. Rivasi inakwaruza mpaka wapita njia wanageuka. Mwenye gari anakwenda gereji, anaambiwa giaboksi imekufa, anatajiwa bei ya kuifungua, na jioni hiyohiyo anaanza kutafuta mnunuzi.

Sura hii nimemwandikia mtu huyo kabla hajauza. Nitatumia gari moja kuwa mfano: Porsche 911 ya kati ya 1972 na 1986, yenye giaboksi inayojulikana kwa namba yake, 915. Ni giaboksi chache zilizolaumiwa kama hiyo. Lakini kila kasoro yake inafundisha jambo litakalomfaa pia mwenye Alfa Romeo, Datsun au gari jingine la manyuali la umri huo. Ninachotaka msomaji aondoke nacho ni kwamba ugumu wa gia mara nyingi huanzia nje ya giaboksi, na kinachokuja kuiua kweli ni nguvu za mkono wa dereva aliyekasirika.

Giaboksi yenyewe

911 za mwanzo, za katikati ya miaka ya 1960, zilitumia giaboksi ya namba 901. Kwenye zile za gia tano, namba moja ilikuwa kushoto nyuma, ili namba mbili na tatu zikae kwenye mstari mmoja wa mbele na nyuma. Mpangilio huo ulifaa mashindanoni, ambako namba moja huhitajika wakati wa kuondoka tu. Kwa mtu wa mjini, anayesimama na kuondoka kila baada ya mita chache, ulikuwa usumbufu.

Injini nayo ilikuwa inakua. Ilianzia lita 2.0, ikafika 2.2, na kwa toleo la 1972 ikawa 2.4, ambayo kwa kipimo halisi ni sentimita za ujazo 2,341. Nguvu ya kuzungusha iliongezeka kupita kiasi ambacho 901 ilitengenezwa kubeba. Ndipo ikaja 915, imara zaidi, na mpangilio wa gia ambao wengi wetu tumeuzoea: moja kushoto mbele na mbili nyuma yake, tatu na nne katikati, tano kulia mbele na rivasi nyuma yake. Iliendelea kwenye 911 SC ya 1978 hadi 1983, kisha kwenye Carrera 3.2 mpaka 1986. Toleo la 1987 lilileta giaboksi mpya, G50, yenye klachi ya haidroliki badala ya kebo na mfumo tofauti wa kulinganisha gia. Tangu hapo waliozoea G50 wakirudi kwenye 915 huona kama wamepewa gari bovu.

Si bovu. Mashabiki wa mbio za magari wa Afrika Mashariki waliiona ikifanya kazi mahali ambapo vyuma vingi vilisalimu amri. Katika Safari Rally ya 1974, Björn Waldegård wa Sweden alimaliza wa pili kwa 911, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake. Mwaka 1978 Vic Preston Jr wa Kenya naye alishika nafasi ya pili, akiwa na 911 SC. Giaboksi iliyofikisha magari hayo mwisho wa safari ile, kwenye tope, vumbi na mashimo, haiwezi kuitwa dhaifu. Ina tabia yake, na tabia hiyo inatokana na vitu vinavyotokea ndani yake kila unaposogeza mkono wa gia.

Kinachotokea chini ya kiganja

Ndani ya giaboksi ya aina hii, gia za kwenda mbele zimeshikana mbilimbili muda wote. Hakuna gia inayosogezwa ikakutane na mwenzake, kama wengi wanavyodhani. Katika kila jozi, gia moja imefungwa kwenye shafti inayotoka kwenye klachi. Mwenzake anazunguka bure juu ya shafti ya pili, ile inayopeleka nguvu kwenye matairi. Ukiingiza gia, unasogeza kola ya chuma yenye meno ndani yake, ambayo daima huzunguka pamoja na matairi, ili iikamate ile gia inayozunguka bure.

Shida ni mwendo. Kola inakwenda kwa kasi ya matairi, na gia inakwenda kwa kasi iliyoachwa na injini. Kasi hizo zikitofautiana, meno yanagongana, na ndiyo ile sauti ya kukwaruza. Anayedandia daladala linalotembea anaijua kanuni hii miguuni mwake: hukimbia kwanza sambamba na gari mpaka mwendo wake na wa gari ulingane, ndipo anapoweka mguu ngazini.

Kazi ya kulinganisha mwendo ndiyo ya sinkronaiza. Porsche walibuni ya kwao miaka iliyofuata Vita vya Pili, wakaianzisha kwenye gari lao la 356 mwaka 1952, na watengenezaji wengine, wakiwemo Alfa Romeo na Ferrari, wakaitumia pia. Juu ya kila gia kuna pete ya chuma iliyokatwa sehemu moja, ili iweze kutanuka. Chini ya pete kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyopinda. Kola ikianza kusogea inasugua pete. Kama kasi zinatofautiana, pete inavutwa, inavisukuma vile vipande, na vipande vinaitanua pete zaidi. Inakuwa breki inayojiongezea nguvu yenyewe. Pete iliyotanuka inaizuia kola isipite. Kasi zikishalingana, mvuto unakwisha, pete inasinyaa, na kola inapita kuyakamata meno ya gia kimya kimya.

Kwa hiyo ule ugumu unaousikia kiganjani ni mtambo ukiwa kazini. Pete imekataa kwa sababu kasi bado hazijalingana. Ukiendelea kushikilia kwa mgandamizo mdogo, itafungua yenyewe mara tu zikilingana. Ukisukuma kwa hasira, unailazimisha kola ipite juu ya pete ambayo haijalegea, na kila safari unakula uso wa pete na ncha za meno. Baada ya miaka ya mtindo huo pete haishiki tena, na gia inakwaruza hata kwa dereva mpole.

Hesabu kidogo zinaonyesha kwa nini namba mbili ndiyo huumia kwanza. Kwenye 911 SC, uwiano wa namba moja ni karibu 3.18, wa namba mbili 1.83, wa tatu 1.26, wa nne 1.00 na wa tano 0.79. Ukitoka namba moja injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, namba mbili inahitaji mizunguko kama 2,300. Shafti ya klachi lazima ipunguze karibu 1,700. Ukitoka namba nne kwenda tano kwa mizunguko ileile, inapunguza kama 850 tu. Mzigo wa namba mbili ni mara mbili, na dereva wa mjini huiingiza mara nyingi kuliko tano. Asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito, pete hukawia zaidi kushika. Namba mbili kuwa nzito kwa kilomita chache za mwanzo ni desturi ya mtambo huu. Bado haujawa ugonjwa.

Majaribio matatu kabla ya kumwita fundi

Yote matatu unaweza kuyafanya mwenyewe, bila kifaa chochote, kwenye eneo tambarare.

La kwanza, zima injini. Pitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi, taratibu. Mara mojamoja meno yatakuwa yametazamana na gia haitaingia. Lisogeze gari kidogo kwa kulisukuma, kisha jaribu tena. Kama mkono unatafuta njia, unayumba sana, au unapata tatu ukikusudia moja, kasoro iko kwenye njia ndefu kati ya mkono na giaboksi. Ndani ya giaboksi huenda hakuna tatizo kabisa.

La pili, washa injini ikiwa imeshapata moto, gari likiwa limesimama. Kanyaga klachi mpaka mwisho, subiri sekunde nne au tano, kisha ingiza rivasi. Rivasi ya 915 haina sinkronaiza, kwa hiyo haifichi kitu. Kama klachi inaachia vizuri, shafti ya klachi itakuwa imesimama na gia itaingia bila kelele. Ikikwaruza baada ya kusubiri kiasi hicho, klachi haiachii kikamilifu, na injini bado inaizungusha shafti. Hakuna sinkronaiza duniani inayoweza kuishinda injini. Usimruhusu mtu afungue giaboksi kabla klachi haijatengenezwa.

La tatu, endesha gari likiwa na moto na ubadilishe gia zote kwa utulivu. Kama majaribio mawili ya mwanzo yalikwenda sawa, na gia moja tu inakwaruza kila mara hata ukisubiri, hapo sasa una sababu ya kuishuku sinkronaiza ya gia hiyo.

Njia ndefu kutoka mkono hadi mtambo

911 ina injini nyuma, na giaboksi imekaa mbele ya injini hiyo. Kila agizo la mkono linasafiri kupitia fimbo ndefu ndani ya mfereji wa katikati ya sakafu, mpaka kwenye kiungo kilicho chini ya kifuniko kidogo kati ya viti vya nyuma. Kiungo hicho kina bushi za plastiki, na chini ya mkono wa gia wenyewe kuna bushi nyingine. Baada ya miongo minne plastiki hiyo hukauka, ikapasuka, ikaanguka vipande. Nafasi ya milimita mbili kwenye kiungo inakuwa kubwa zaidi juu kwenye kirungu cha mkono, na dereva anabaki kukisia.

Kukisia huko kuna hatari ya gharama. Anayetaka kupandisha kutoka tatu kwenda nne kwenye mizunguko 5,000, akaangukia mbili, analazimisha injini kuzunguka karibu mara 7,300 kwa dakika, zaidi ya kikomo cha injini ya SC. Kifaa cha kuzuia mizunguko hakisaidii, maana safari hii matairi ndiyo yanayoisukuma injini. Valvu zinaweza kugonga pistoni. Bushi mpya ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa kwenye gari hili, na fundi makini huzibadilisha kwa saa chache. Mwambie aweke alama ya rangi kwenye fimbo na kiungo kabla ya kulegeza boliti ya kurekebishia. Kugeuza kidogo tu kunatosha kupoteza gia ya tano au rivasi, na alama ile ndiyo itakayomrudisha alipoanzia.

Wenye magari wengi hufanya kinyume. Wananunua kwanza mkono mfupi wa gia, ule unaopunguza umbali wa kusogeza. Mkono mfupi hupunguza pia wenzo, kwa hiyo kiganja kinasukuma kwa nguvu kubwa zaidi ili kufanya kazi ileile, na pete zinalipa. Kwenye 915 iliyochoka ni zawadi mbaya. Bushi mpya na marekebisho sahihi huleta karibu kila kitu ambacho mnunuzi alikuwa anakitafuta.

Klachi na oili

Klachi ya 915 huvutwa kwa kebo, na kebo hurefuka. Kwenye magari ya kabla ya 1978, pedali inatakiwa iwe na uhuru wa karibu milimita 20 hadi 25 kabla ya kuanza kufanya kazi. Kuanzia SC, kipimo hufanywa nyuma, kwenye mkono wa klachi ulio kando ya giaboksi. Kabla ya vipimo vyote hivyo, inama uangalie chini ya pedali. Pedali za 911 hizi zinatokea sakafuni, na kapeti nene lililowekwa kwa ajili ya urembo linaweza kuizuia klachi isifike mwisho. Wapo waliokwisha kuambiwa wafungue giaboksi, kumbe dawa ilikuwa kukata kapeti.

SC ina jambo la ziada. Pleti yake ya klachi ilitoka kiwandani ikiwa na raba katikati, kwa nia ya kunyamazisha mtetemo wa gia. Raba hiyo huoza na kumeguka, na vipande vyake vinaweza kuizuia klachi isiachie. Pleti za kisasa za gari hilo zina springi badala ya raba. Kazi yenyewe si ndogo, kwa kuwa injini na giaboksi hushushwa pamoja. Ndiyo maana jaribio la rivasi lina thamani: linakuambia kama gharama hiyo inahitajika.

Oili nayo inabeba mgogoro ambao wauzaji wa vilainishi hawauelezi. Giaboksi na difu ya 911 zimo ndani ya kasha moja, zinagawana oili moja, karibu lita tatu. Meno ya difu yanagandamizwa kwa nguvu kubwa na yanataka oili inayoteleza sana. Pete za sinkronaiza zinafanya kazi kwa msuguano, na zinataka oili inayoziacha zishike. Oili yenye utelezi kupita kiasi, au dawa ya chupa inayoahidi kulainisha gia, inaweza kuiondolea pete uwezo wake wa kushika, na gia ikazidi kukwaruza. Mafundi wengi waliobobea kwenye 915 hupendelea oili ya madini ya unene wa SAE 90 au 80W-90, iliyokusudiwa giaboksi zenye difu ndani. Imwage ikiwa moto, uangalie sumaku ya kizibo. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine.

Namna ya kuiendesha

Gari likishapita majaribio hayo, kilichobaki ni dereva, na hapa ndipo pana raha.

Kilomita za mwanzo ziwe za upole. Badilisha gia kwenye mizunguko ya chini, maana tofauti ya kasi itakayosawazishwa huwa ndogo. Shika kirungu kwa kiganja kilicholegea. Kutoka moja kwenda mbili, toa gia, pumzika kidogo kwenye free, kisha egemeza mkono kuelekea mbili mpaka pete iachie. Kutoka mbili kwenda tatu, sukuma mbele tu na uiachie springi ikupeleke katikati. Ukiuelekeza mkono kwa nguvu kulia, unaweza kuipita tatu. Ukishaingiza gia, ondoa mkono. Mkono unaopumzika juu ya kirungu unasukuma uma wa ndani, ule unaoisogeza kola, dhidi ya kola inayozunguka, na vyote viwili vinalika.

Ukiwa umesimama na namba moja inakataa, kanyaga klachi, gusa namba tatu, kisha rudi moja. Sinkronaiza ya tatu inaisimamisha shafti kwa niaba ya ile ya kwanza. Kwa rivasi fanya vivyo hivyo: gusa nne, halafu rudi kulia nyuma.

Kupangua gia kunahitaji mguu. Ukiwa namba tatu kwenye mizunguko 3,000, namba mbili inataka karibu 4,360, kwa hiyo shafti lazima iongezwe kasi. Madereva wa malori ya zamani, yaliyokuwa hayana sinkronaiza, walifanya kazi hiyo wenyewe kila siku. Kanyaga klachi, toa gia mpaka free, achia klachi, gusa mafuta ili injini ipande, kanyaga klachi tena, ingiza mbili. Ile hatua ya kuachia klachi kwenye free ndiyo siri yote, kwa sababu inaiunganisha injini na shafti ili ipande nayo. Ukifanya yote sawasawa, mkono wa gia unaingia bila kizuizi chochote, na sinkronaiza haijafanya kazi hata kidogo. Jifunze kwenye barabara tupu, kwanza bila breki, kisha ukiwa unapunguza mwendo. Na namba moja usiiingize gari likitembea, labda likiwa linajikokota tu.

Waldegård, aliyemaliza wa pili mwaka 1974, alirudi Afrika Mashariki miongo mingi baadaye na kushinda Safari Classic ya 2011, mbio za magari ya zamani, kwa 911, akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia. Gari la aina hii linamlipa anayelielewa, hata nguvu za ujana zikiwa zimepita.

Lini ufungue, lini ununue

Kuna siku giaboksi inapaswa kufunguliwa. Gia inayoruka yenyewe unapoachia mafuta, gia inayokwaruza kila mara ikiwa moto na klachi ikiwa nzima, vipande vya chuma kwenye kizibo: hizo ni dalili za kweli. Kazi hiyo ipelekwe kwa fundi aliyewahi kuifungua 915, na abadilishe pete pamoja na meno yaliyobutuka. Pete mpya juu ya meno butu haidumu.

Na kama wewe ndiye unayesimama mbele ya gari la mwenzako aliyechoka, usilikatae kwa sababu namba mbili ni nzito asubuhi. Omba uliendeshe mpaka lipate moto, kisha fanya majaribio yote matatu. Gia zikiingia vizuri, nunua. Mkono ukiyumba au rivasi ikikwaruza peke yake, kadiria bei ya bushi, kebo na pengine klachi, punguza kwenye bei, na ununue. Namba mbili ikiendelea kukwaruza ikiwa moto, mkononi mwa dereva anayesubiri, ondoa gharama yote ya kufungua giaboksi kabla ya kutaja bei yako. Muuzaji akikataa, mshukuru na uendelee kutafuta.